Maneno Mawili na Jeneza la Bwana Otoo

Katsina, Nijeria
15 Januari 1978

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako namsalimu jirani Mama Baawa na dokono yake ya unga wa mahindi, pia kwaya nzima ya Methodisti, hata yule mwenye sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Mimi ni mzima. Upepo wa harmatani umeanza, vumbi tunalifagia asubuhi na jioni, na midomo imepasuka hata kucheka kunauma. Bwana Dwomoh, yule Mkumasi ninayefundisha naye, anasema sasa ameelewa kwa nini mkuu wetu wa shule hatabasamu.

Nimempa msafiri anayepitia Lome sabuni na maziwa ya kopo akuletee. Mwombee avuke salama.

Nina swali la kazi. Katika kifungu cha mtihani wa darasa langu kuna maneno mawili ya Kiingereza, obligation na duty. Kijana mmoja, Sani, akainua mkono. Hapa mwalimu wa kike huitwa malama.

"Malama, yote mawili si lazima?"

"Ni lazima, ndiyo."

"Sasa Waingereza walihitaji mawili ya nini?"

Mwenzake wa nyuma akamjibu, "Walikuwa na meli kubwa. Walibeba na ya akiba."

Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha kengele ikaniokoa. Kwetu tungesema neno moja tu, na mtu angeelewa kwa kukutazama usoni. Wewe umefundisha Kiingereza miaka yote. Nijibu, nisiaibike mbele ya Sani.

Nimesikia pia, kwa mtu wa Mankessim, kwamba Bwana Otoo amerudi huko kwetu Saltpond kutoka Takoradi na kwamba haamki kitandani. Sikumuuliza zaidi. Naandika tu kwa kuwa nimelisikia.

Mpwa wako,
Araba


Saltpond
11 Februari 1978

Mpwa wangu Araba,

Barua yako imefika, imefunguliwa na kubandikwa upya na watu wa forodha, ambao sidhani walifaidika nayo. Sabuni imefika. Maziwa hayakufika. Nusu ya sabuni nimempa Mama Baawa, naye akasema, "Mwalimu, mwambie huyo mtoto aje na mume, sabuni tutachemsha wenyewe." Nimekufikishia kama alivyosema.

Barua yako ina makosa mawili. La kwanza, umeandika kwamba kucheka kunauma, hukusema kunamuuma nani. La pili ni zito. Umemwita baba yako "Bwana Otoo", kama mtu mliyekutana kwenye foleni ya benki. Aliwaacha wewe na mama yako ukiwa na miaka minne. Hilo nalijua kuliko wewe, kwa sababu mimi ndiye niliyewafungulia mlango mlipokuja. Lakini jina unalotilia sahihi kazini ni lake.

Sasa maneno yako.

Obligation ni neno lenye kamba ndani yake, kwani asili yake ni kufunga. Kamba ina ncha mbili: mmoja amefungwa, mwingine ameshika. Ngoma ya asafo, kundi la ulinzi la mji, ikilia kwamba mtu amepotea msituni, kila mwanamume wa kundi hutoka kumtafuta. Asiyetoka huulizwa kesho yake alikuwa wapi, na hutoa mbuzi wa faini. Hapo yupo wa kuuliza.

Duty haina mshika kamba. Mama yako alipougua ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulihamisha mkeka wako ukawa unalala chini, kando ya kitanda chake, mpaka mwisho. Hakuna aliyekutuma. Usingefanya hivyo, hakuna ambaye angekuuliza.

Mwambie Sani kwamba Waingereza walihitaji maneno mawili kwa sababu mtu anaweza kulitimiza la kwanza maisha yake yote asilijue la pili.

Baba yako alifariki mwishoni mwa Januari. Jumamosi iliyofuata watu wa ukoo wake walikuja hapa, Mzee Ansah akiwa mbele, wameleta chupa ya pombe kali ya kutuarifu, kama inavyopasa. Niliipokea. Ilifunguliwa, tukamwaga kidogo chini, tukaonja wote. Mwili uko chumba cha baridi, Cape Coast. Mazishi ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Wewe ndiwe mtoto wake wa kwanza. Jeneza ni lako kulileta.

Mimi sijambo.

Mjomba wako,
Kobina Essilfie


Katsina
9 Machi 1978

Mjomba,

Salamu. Barua yako imenifikia leo, nami nimeisoma nikiwa nimesimama. Kazi inaendelea. Mvua bado.

Ulipokea kwa niaba ya nani? Chupa ile ililetwa kwangu. Ungeweza kusema, "Mtoto hayupo, iwekeni hapo, nitamwandikia." Mwaka walipoleta chupa ya kumposa binamu yangu Adwoa, uliisukuma irudi upande wao wa meza kwa kidole kimoja, nao wakaelewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilikuona. Hii umeiacha ikafunguliwa. Ukaionja. Kilichokwisha kunywewa hakirudishwi kwa mwenyewe.

Nilimweleza Bwana Dwomoh. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, umeuzwa kwa tone moja."

"Mimi sikuwepo."

"Ulimi wa mjomba wako ulikuwepo. Kwa mambo haya ndio huo huo wako. Wewe chagua mbao tu."

"Na nikikataa?"

Hapo akaacha kucheka. "Watamlaza pale wangoje, na kila anayepita atauliza watoto wake wako wapi. Lakini hawatamsema maiti. Watamsema mjomba wako, kwamba alikunywa ahadi asiyoweza kuitimiza."

Nimetoa maelezo yako darasani. Yaliwapendeza. Kisha Sani akauliza, "Malama, je, mtu akifungwa kamba akiwa amelala?" Nakuuliza wewe.

Mtoto hupeleka jeneza kwa baba. Mimi alinipa jina siku ya nane baada ya kuzaliwa, na baadaye jozi ya viatu vilivyokuwa vidogo. Basi. Aliyenilea ni wewe. Na hapo nina swali langu mwenyewe, silo la Sani. Kwa desturi yetu mjomba huwapokea watoto wa dada yake, apende asipende. Kunilea mimi kulikuwa neno lipi kati ya hayo mawili?

Siji. Ana watoto wengine wawili Takoradi. Wachongeshe wao.

Araba


Saltpond
1 Aprili 1978

Mpwa wangu Araba,

Nimepokea barua yako. Petroli hakuna, malori yamelala Mankessim, na samaki anauzwa kama dawa. Mama Baawa huniletea dokono hapa hapa mlangoni. Analalamika kwamba sili. Nakula.

Watu wa Otoo walikuja tena Jumatano. Nakuandikia yaliyosemwa, kwa kuwa una haki ya kujua kinachosemwa kwa niaba yako.

Mzee Ansah alianza. "Mwalimu, msichana wako anazisoma barua, au anafungia karanga?"

"Anazisoma."

"Na hii yetu ameisomaje?"

"Kwa makini."

Dada yake Ansah, yule mnene anayevaa saa mbili mkono mmoja, akadakia: "Kwa makini! Maiti anangoja makini? Mwalimu, uliinywa. Tuliliona koo lako likipanda likishuka."

"Niliinywa," nikasema.

"Basi lilete wewe hilo jeneza!"

Ansah alimkaripia akanyamaza, maana hata yeye alijua hilo ni tusi. Mjomba wa mtoto hapeleki jeneza la baba wa mtoto. Ingekuwa kuutangazia mji kwamba marehemu amekufa bila uzao. Watoto wa Takoradi wameandika kwamba hawatamtangulia mkubwa wao.

Nimeomba mazishi yasogezwe hadi Jumamosi ya tatu ya Mei. Walikubali kwa ajili ya petroli, si kwa ajili yangu.

Kuhusu swali la Sani: mtu aliyefungwa akiwa amelala hakufungwa. Akiamka anaweza kuinuka akaenda zake, na mwenye kulaumiwa ni aliyefunga. Hilo ndilo jibu sahihi, na lazima umpe hivyo hivyo. Kwa hiyo nawe huna haja ya kuja. Watakapouliza, nitasimama mimi.

Sikwenda kanisani Jumapili hizi kwa sababu ya njia.

Mjomba wako,
Kobina Essilfie


Katsina
20 Aprili 1978

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mzuri kuliko wa barua iliyopita. Mvua ya kwanza imenyesha, wanafunzi wameikimbilia nje na vitabu mikononi, na nimewaacha.

Njia ya kutoka kwako hadi kanisani imetandazwa mawe, ni fupi, na tangu nizaliwe haijawahi kumzuia mtu. Kwa hiyo si njia. Ni mguu au ni kifua. Unaletewa chakula mlangoni, na mistari yako inateremka upande wa kulia, wewe uliyekuwa unatuchapa kwa mstari uliopinda. Ulitufundisha kwamba katika kufupisha habari mtu hujulikana kwa alichokiacha. Basi nimekusoma hivyo. Na swali langu mwenyewe hukulijibu, ilhali la Sani umelijibu.

Sasa nadhani naielewa chupa. Krismasi ya kwanza niliandika kwamba siji, ukajibu, "Ni sawa." Ya pili, "Ni sawa." Ya tatu, "Ni sawa, hali ya barabara si nzuri." Hukuandika neno "njoo" hata siku moja. Kisha watu wakaingia nyumbani kwako na kitu kinachoweza kunileta, kimekaa mezani, kinangoja kidole chako kimoja kukirudisha. Kidole hakikutoka. Usinijibu kwa hili. Utaandika kwamba desturi ni desturi.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nimemwandikia seremala wa Mankessim. Siji kwa ajili ya koo lililopanda likashuka. Umeniambia mwenyewe kwamba naweza kuinuka nikaenda zangu. Nimeinuka, na ninakokwenda ni huko.

Mwambie yule mama azitie ufunguo saa zake zote mbili.

Mpwa wako,
Araba


Katsina
11 Juni 1978

Mjomba mpendwa,

Nimefika salama. Mpakani walinipekua mpaka ndani ya viatu, na samaki mkavu wa Mama Baawa wakamtoza ushuru kwa macho tu, kisha wakamla. Mwambie nimemla mimi. Bwana Dwomoh anakusalimu na anauliza kama jeneza lilikuwa la odumu au la mbao za kawaida. Nikamwambia odumu. Akasema, "Sasa hata mimi naogopa kukuudhi."

Nilipokuwa hapo hatukuzungumza. Tulizungumza bei ya samaki, na paa la jiko, na mpiga kinanda mpya. Kwa hiyo naandika.

Walipolifunua jeneza kwa mara ya mwisho nilimtazama usoni nisione kitu. Mtu tu. Kisha nikaona masikio. Mjomba, ni haya haya ninayoyafunika kwa kitambaa kila asubuhi. Nililia kwa ajili ya masikio. Yule mama wa saa mbili akanikumbatia akisema, "Haya, sasa umekuwa mtu," na watu wakafikiri nalia kwa mapenzi. Sikuwasahihisha.

Ile fimbo unayotembelea, uliyosema ni ya kufukuzia mbwa, sikuona mbwa hata mmoja mtaani kwako. Asubuhi moja Mama Baawa alinivuta nyuma ya jiko lake. "Wewe umemzika aliyekupa masikio," akasema. "Huyu mwalimu wangu wa humu ndani akienda, nani atamletea sanduku? Hana mtoto. Ukoo utachanga mbao za makasha ya samaki." Nilimkasirikia. Kisha sikulala.

Najua desturi. Jeneza ni la watoto, na wewe huna. Mpwa hadaiwi. Hakuna atakayeniletea chupa, hakuna atakayeuliza nilikuwa wapi. Kwa hiyo nasema mwenyewe: lako nitalileta mimi, la odumu, popote nitakapokuwa. Na kabla ya siku hiyo, kila likizo ya Julai nitakuja kukaa nawe, kuanzia mwaka huu. Naahidi. Itunze barua hii, uwaonyeshe wazee wa ukoo wetu, ili siku ikifika asiwepo wa kukukosea heshima. Natia sahihi yangu kamili.

Araba Otoo


Saltpond
2 Julai 1978

Mpwa wangu Araba,

Nafurahi kwamba umefika. Mvua imetushukia. Paa la jiko linavuja mahali pale pale. Mpiga kinanda mpya anakimbia kama anayefukuzwa, na kwaya inamfuata kwa mbali. Huwasikia nikiwa kibarazani. Tangu uondoke milango ya nyumba inalia usiku. Bila shaka ni unyevu.

Ni mguu. Ulikisia vizuri.

Umeniuliza swali moja, na mara ya pili ukaniambia kwamba sikulijibu. Nalijibu sasa. Jioni ile mlipokuja, mama yako amebeba kapu na wewe umelala mgongoni, nilikuwa na miaka thelathini na minane na nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Nilifungua mlango kwa sababu kama nisingefungua, ukoo mzima ungeniuliza. Siku hiyo lilikuwa neno la kwanza. Lilibaki la kwanza kwa muda. Siku lilipogeuka likawa la pili siijui. Nadhani nilikuwa nakusahihishia imla.

Sasa barua yako. Ama nilikufundisha vibaya, ama hukunisikiliza. Ulikuwa na jambo ambalo hakuna mtu duniani angeweza kukudai. Ulikuwa huru nalo. Kisha ukaliahidi, ukaliandika, ukatia sahihi, ukaniagiza nilionyeshe kwa wazee. Umesuka kamba kwa mikono yako mwenyewe, ukajifunga, na ncha yake ukaniwekea mimi mkononi.

Fikiri. Siku yangu ikifika, wazee wataitoa karatasi hii mbele ya watu. Wewe huenda unaumwa. Huenda una mtoto mchanga. Huenda mpaka umefungwa, kama unavyofungwa kila serikali zinaponuniana. Hawatauliza. Watasoma sahihi yako kwa sauti, na yule mama wa saa mbili atakuwa amekuja kusikiliza. Na si wao tu. Hata kabla ya siku hiyo nipo mimi. Najijua. Jioni nyingine nyumba hii huwa kimya kupita kiasi, na jioni kama hiyo ningeivuta ncha. Ningekuandikia, "Uliahidi," nawe ungekuja, na nisingejua tena umekuja kwa neno lipi.

Kwa hiyo nimeichoma barua yako. Nimeichomea kwenye jiko la Mama Baawa, mbele ya macho yake, ili awepo shahidi kwamba haipo.

"Mwalimu, una wazimu," alisema. "Watu wanafunga na kusali mtoto awaandikie hivi."

Nikamwambia atazame sufuria lake.

"Sufuria langu halina shida. Wewe ndiye unayeungua."

Hupaswi kudhani kwamba nilikasirika, wala kwamba sikuelewa ulichonipa.

Sasa hudaiwi na mtu yeyote. Likizo ya Julai ni yako, fanya nayo upendavyo. Wazee hawakuiona barua na hawataisikia.

Haikuchomwa siku ilipofika. Nilikaa nayo kwanza, nikiisoma asubuhi na jioni, mpaka nikaihifadhi yote kichwani, pamoja na tarehe.

Mjomba wako,
Kobina Essilfie